MOTOKARI YA FAHARI YENYE KUVUTA KWA MAGURUDUMU MANNE: TAZAMA CHINI YAKE MBELE YA KULIPA



Siku hizi, katika makambi yetu na katika mitaa ya mji, watu wengi wananunua motokari zilizokwisha kutumiwa zinazotoka Japani. Wengine hawataki tena motokari ndogo. Wanatamani motokari ya fahari, ndefu, yenye viti laini na motere ya nguvu, na tena yenye kuvuta kwa magurudumu manne. Wanasema: « Hii itanipitisha matope wakati wa mvua, na jamaa yangu itakaa salama. »

Kutamani kitu kizuri si kosa. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi anastahili kuonja matunda ya jasho lake. Lakini sisi tunaofunga vidonda katika dispanseri tunataka mjue jambo moja mbele ya kutoa feza: magurudumu manne yanasaidia motokari kuondoka, hayasaidii kusimama. Kinachosimamisha motokari ni freni na mipira. Na katika motokari ya zamani, freni na mipira ndivyo vitu ambavyo mnunuzi anasahau, kwa sababu macho yake yanatazama rangi na viti.

1. MOTOKARI HII NI YA NAMNA GANI?

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana: Toyota Mark X. Kampani ya Toyota iliitengeneza tangu mwaka 2004 hata 2019. Ina milango minne na motere ya silinda sita. Mark X nyingi zinasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Zile zenye kuvuta kwa magurudumu manne zina neno « Four » katika jina lao, kama vile 250G Four. Ndugu yake mkubwa, Toyota Crown, alitengenezwa vilevile kwa namna zote mbili.

Sababu gani Wajapani waliweka kuvuta kwa magurudumu manne katika motokari ya mji? Si kwa ajili ya matope. Ni kwa ajili ya theluji. Katika upande wa kaskazini wa Japani, zaidi katika kisiwa cha Hokkaido, theluji hufunika barabara miezi mingi ya mwaka. Hapo gurudumu linazunguka bure kama halisaidiwi na mengine.

Tupate mafundisho mawili. La kwanza: motokari hii si jipu. Tumbo lake liko karibu na udongo. Ukiipitisha katika mashimo ya barabara ya mgodi, jiwe moja linaweza kupasua karteri, mafuta yote yakamwagika, na motere ikafa. La pili: huko kwenye theluji, watu wa barabara wanamwaga chumvi ili theluji iyeyuke. Chumvi inarukia chini ya motokari na kula chuma. Kwa hiyo motokari yenye magurudumu manne inaweza kufika kwetu ikingaa juu, na chini imeoza kwa kutu.

2. KUVUTA NI KITU KIMOJA, KUSIMAMA NI KINGINE

Motokari ikienda kilometa 80 kwa saa, inapita metre 22 katika kila sekunde. Shofere akiona mtoto anavuka, anatumia sekunde moja hivi mbele mguu wake haujafika kwenye freni. Metre 22 zimekwisha kupita, na motokari haijaanza kupunguza mwendo.

Kiisha freni zinaanza kazi. Kwenye lami kavu, mipira ikiwa mizuri na freni nzuri, hesabu ni kama hivi:
- kwa kilometa 40: metre 11 za kufikiri na metre 9 za freni, jumla metre 20;
- kwa kilometa 80: metre 22 za kufikiri na metre 35 za freni, jumla metre 57.

Mwendo umezidishwa mara mbili, lakini metre za freni zimezidi karibu mara nne. Kwenye udongo wenye maji, metre za freni zinaweza kuzidi mara mbili tena. Na hesabu hii haibadiliki kama motokari inavuta kwa magurudumu mawili ao manne.

Tena iko hatari nyingine. Mwenye motokari ya magurudumu mawili, anapoondoka kwenye matope, gurudumu linateleza, naye anajua: « Barabara ni mbaya leo, niende polepole. » Mwenye magurudumu manne anaondoka vizuri, hasikii kitu, anafikiri barabara ni nzuri. Anaongeza mwendo. Atajua utelezi siku ya kukanyaga freni, na siku hiyo imekwisha kuchelewa.

3. FEZA: BEI YA KUNUNUA SI BEI YOTE

Motokari ya fahari, hata bei yake ikishuka kwa uzee, vipande vyake havishuki. Bei ya plaketi za freni, amortisere na rotili inafuata ukubwa wa motokari, haifuati uzee wake. Na yenye kuvuta kwa magurudumu manne ina vitu vingi kupita nyingine: ina kardani ya mbele na ya nyuma, diferansieli mbele na nyuma, na katikati bwati ya kugawanya nguvu. Vyote vinahitaji mafuta yake.

Bwana na bibi wakae pamoja na kuandika hesabu. Kwanza chakula, nyumba, masomo ya watoto, na akiba ya ugonjwa. Kinachobaki ndicho cha motokari. Tuseme mmeweka dolari 7.000. Msinunue motokari ya 7.000. Tafuteni ya 5.000, na 2.000 zibaki kwa ajili ya mipira, freni, mafuta yote, asuransi na karatasi. Mtu anayemaliza feza yote siku ya kununua, ndiye anayetembeza watoto na mipira iliyokwisha. Usikope kwa watu wanaodai faida kubwa kila mwezi. Motokari inazeeka, deni linakua.

4. MAMBO YA KUTAZAMA MBELE YA KULIPA

Usiende peke yako, wala usiende usiku, wala wakati wa mvua. Maji yanafanya rangi kungaa na kuficha makosa. Nenda na fundi unayemlipa wewe, si fundi wa muuzaji. Tazameni haya:

a) Karatasi. Namba ya shasi iliyo kwenye chuma iwe sawasawa na ile ya karatasi, herufi kwa herufi. Karatasi za DGDA ziwe tayari. Kama motokari haijaingia inchini, uliza kwanza douane sheria na malipo ya leo, usifuate maneno ya sokoni.

b) Kilometa. Hesabu ya kilometa inaweza kurudishwa nyuma na mdanganyifu. Omba karatasi ya Japani ya kutolea motokari. Kilometa huandikwa humo. Kiisha tazama pedali, volanti na kiti cha shofere. Kilometa 60.000 na pedali iliyolika haviendi pamoja.

c) Ni magurudumu manne kweli? Mtu anaweza kubandika neno « Four » nyuma ya motokari yoyote. Inama, utazame nyuma ya magurudumu ya mbele. Kama hakuna vyuma vya kardani vinavyoingia katika magurudumu hayo, basi motokari ya Mark X ao Crown inasukumwa na nyuma tu.

d) Kutu. Fundi atazame chini yote: miguu ya motokari, mabomba madogo ya freni, mahali amortisere zinafungwa. Kutu ya juujuu si neno. Lakini kama bisibisi inaingia katika chuma, ama bomba la freni limelika, uache motokari hiyo. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ni sababu ya kutazama zaidi, si sababu ya kufurahi.

e) Mipira. Yote minne iwe ya ukubwa mmoja, namna moja, na ilike sawasawa. Kwenye ubavu tafuta namba nne za mwisho: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wenye miaka zaidi ya 10 usitumiwe, hata ukionekana mpya. Vilevile mipira laini ya theluji, yenye mikato midogo mingi, haifai kwa joto letu: inalika upesi na haishiki vizuri kwenye lami ya moto.

f) Mwendo wa kupima. Motere iwe baridi wakati wa kuiwasha. Muuzaji akiwa amekwisha kuipasha moto, rudi siku nyingine. Endesha mahali pa wazi, kata volanti yote kuume, kiisha kushoto, polepole. Ukisikia « ta-ta-ta » ni kardani. Ukisikia motokari inajikaza na kuruka kama imefungwa, ni ugonjwa wa magurudumu manne: mipira haifanani, ama bwati ya katikati imeharibika. Kiisha kanyaga freni kwa nguvu mahali pasipo watu. Motokari isivute upande.

g) Taa za kuonya. Ukifungua kontakti, taa za motere, za freni na za mfuko wa hewa ziwake, kiisha zizimike. Taa isiyowaka hata kidogo ni mbaya kama ile isiyozimika: labda mtu ameikata ili kuficha ugonjwa.

5. MFUKO WA HEWA

Motokari hizi zina mifuko inayojaa gazi wakati wa ajali ili kulinda kichwa na kifua. Lakini mifuko mingi iliyotengenezwa na kampani Takata ya Japani ilikuwa na kosa. Unga unaowaka ndani yake uliharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na wakati wa ajali chombo chake kiliweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Watu walikufa katika inchi mbalimbali, na kampani nyingi za motokari, Toyota pia, ziliita motokari zao zirudi kubadilishiwa. Motokari iliyoletwa mbali na inchi yake inaweza kuwa haikubadilishiwa. Joto na mvua viko hata kwetu. Peleka namba ya shasi kwa mwakilishi wa kampani iliyotengeneza motokari, wakuambie. Usifungue mfuko wewe mwenyewe, wala usimwachie fundi wa njiani.

Na mfuko hausaidii mtu asiyefunga mkaba. Wote wafunge, mbele na nyuma. Watoto wakae nyuma. Mtoto mchanga asipakatwe mbele: mfuko ukifunguka unamgonga kwa nguvu kupita mkono wa mtu mzima.

6. VOLANTI YA KUUME

Katika Congo tunapita kuume. Japani wanapita kushoto, kama Zambia na Tanzania, na volanti ya motokari zao iko kuume. Kwenye barabara ya Kasumbalesa ao ya Likasi, ukiwa nyuma ya lori la shaba, wewe uliyekaa kuume huoni kitu kinachokuja mbele. Usitoe pua ya motokari ili kuchungulia. Wala usimwulize abiria: « Kuko wazi? » Abiria hajui motere yako wala metre unazohitaji. Baki mbali nyuma ya lori, mpaka uone barabara ndefu. Kama huioni, ngoja.

Taa nazo zilitengenezwa kwa barabara za kushoto. Mwanga wake unapanda upande wa kushoto, na kwetu upande huo ndiko wanakotoka wengine. Unawapofusha. Fundi azirekebishe ama azibadilishe mbele ya kusafiri usiku.

7. NAMNA YA KUITUNZA

Kila juma, motere ikiwa baridi: pima mafuta ya motere, maji ya radiateri, mafuta ya freni, na pumzi ya mipira minne pamoja na ule wa msaada. Kipimo cha pumzi kimeandikwa kwenye mlango wa shofere.

Mipira yote minne ilike pamoja. Mpira uliolika ni mdogo kidogo, kwa hiyo unazunguka mara nyingi kupita mwenzake. Hapo bwati ya katikati inafanya kazi bila kupumzika, mafuta yake yanapata moto, na vyuma vinalika. Badilisha nafasi za mipira, mbele na nyuma, kila kilometa 10.000 hivi, na siku ya kununua, nunua minne. Gurudumu dogo la msaada ni la kukufikisha garaji, polepole, si la kwenda nalo Kolwezi.

Mafuta ya motere yabadilishwe kwa wakati. Mark X ina mnyororo ndani ya motere, haina mkanda wa mpira. Mnyororo hukaa miaka mingi, lakini mafuta machafu unaua. Mafuta ya bwati ya vitesi, ya bwati ya katikati na ya diferansieli mbili yabadilishwe kwa kufuata kitabu cha motokari. Kama hujui yalibadilishwa lini, uanze nayo mwezi wa kwanza. Mafuta ya freni ni kila miaka miwili, kwa sababu yanakunywa unyevu wa hewa, na freni zikipata moto, pedali inazama bure.

Wakati wa kiangazi vumbi ni nyingi: tazama filtre ya hewa kila mwezi. Esansi inunuliwe kwenye stasioni. Ile ya bidoni za wale wanaoitwa Khadafi inaweza kuwa na maji ao petroli, na motere hizi haziivumilii.

Ikiharibika njiani, usiivute na magurudumu mawili yameinuliwa na mawili yanazunguka chini. Bwati ya katikati itaungua. Ipakiwe yote juu ya lori.

8. AFYA NYUMBANI

Mtu anayejitengenezea motokari uwanjani akumbuke haya:

- Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Weka vigingi vya chuma na mawe kwenye magurudumu mbele ya kuingia chini. Usiwashe motere na kuingiza vitesi wakati gurudumu moja liko juu. Yale mengine yatavuta na motokari itaruka kutoka kwenye kriki.

- Usifungue radiateri yenye moto. Mtu akiungua, mimina maji safi ya baridi dakika 20, kiisha umlete dispanseri. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala yai.

- Maji ya rangi ya radiateri ni matamu na ni sumu. Kidogo tu kinaharibu figo za mtoto na kinaweza kumwua. Usiyaweke katika chupa ya limonadi. Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Mlete hospitali mara moja pamoja na chombo chake, hata kama anaonekana mzima.

- Usivute esansi kwa mdomo na mpira. Ikiingia katika mapafu inaleta ugonjwa mkali. Hapa pia usimtapishe mtu.

- Usiache motere ikiwaka ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi una gazi isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kiisha usingizi wa kufa. Mtoe mtu nje kwenye hewa, umlete kwa munganga.

- Maji makali ya batri yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20 bila kukoma, kiisha njoo.

- Usimwache mtoto ndani ya motokari iliyofungwa juani, hata kwa dakika za kwenda dukani.

MAULIZO YA KUJIBU NYUMBANI

Baba asome, mama na watoto wakubwa wajibu bila kutazama juu:

1. Sababu gani magurudumu manne hayapunguzi metre za freni?
2. Namba 2319 kwenye mpira maana yake nini?
3. Kwa kilometa 80, motokari inapita metre ngapi mbele ya mguu kufika kwenye freni?
4. Sababu gani tunanunua mipira minne pamoja?
5. Mtoto amekunywa maji ya radiateri: utafanya nini, na usifanye nini?

Nyumba yenye kujibu yote matano imekwisha kuanza kununua vizuri. Na kama fundi wako amesema « hapana » kwa motokari unayoipenda sana, mlipe kazi yake na umshukuru. Zitakuja nyingine. Jamaa inayokungoja mlangoni kila jioni ni moja tu.